Namba Nnayo

Shinuna, umeniuliza namba ya yule wakili wa kwenye tivii.
Namba nnayo. Nani asiyekuwa nayo?
Mjukuu wangu huiimba bafuni, povu masikioni,
sita sita mbili, sita sita mbili,
na mimi, niliyemuoa dada yako mwaka wa arubaini huu,
namba ya Badriya naitafutia miwani.

Humtokea kila mtu hapa Mabela
baada ya sabuni, kabla ya mchele:
joho jeusi, mkono kifuani,
na mizani ya dhahabu inayozunguka peke yake.
"Haki yako ni amana yangu," asema,
sauti nzito, tamu, haluwa iliyokorogwa na mtu mwenye subira.
Hata mimi, mwaka juzi, ule ugomvi wa ukuta na jirani,
nilivaa kanzu ya Idi nikamwendea Al-Khuweir.

Ghorofa ya tisa. Vioo, kiyoyozi cha kutia mafua,
kahawa kidogo, tende tatu sahanini.
Dakika arubaini nikaitazama picha yake ukutani,
ndefu kuliko mlango.
Mwenyewe sikumuona. Hadi leo sijamuona.
Alikuja kijana, shati lina mikunjo ya dukani bado,
akanisukumia kurasa kumi na moja:
"Tia saini hapa mzee, na hapa, na hapa."
Nikamuuliza, kesi kama yangu mmezisimamia ngapi?
Akasema, "Sisi wakubwa, mzee. Kwani hujatuona?"
Nimewaona, nikamwambia. Nimewaona sana.
Nikavaa viatu vyangu.

Nyuma yake pana vitabu, vitazame leo usiku:
safu saba, migongo ya rangi moja,
hapana hata kimoja kilicholala ubavu,
hapana pengo la kidole.
Mimi nimekaa stoo ya umeme miaka ishirini na sita.
Rafu inayotumika naijua ilivyo.

Wazee walisema kizuri chajiuza,
kibaya chajitembeza. Mimi sisemi hivyo, shemegi.
Kizuri nacho kina kodi ya nyumba,
na huenda yule bwana akisimama mbele ya hakimu ni simba.
Huenda. Ndiyo hiyo tu, sijui,
na tangazo halikutengenezwa ili mimi nijue.

Sasa huu ni mguu wa Mundhir.
Vyuma sita, na lori la mchanga la njia ya Barka,
na watu wa bima wanaokutajia riali mia tisa
kama wanaokukaribisha chai.
Usiutie mikononi mwa wimbo.

Ruwi, juu ya duka la vifungo, yuko Rayya binti Thuwaini.
Kibao chake ukubwa wa daftari, ngazi hazina taa.
Wala usimuamini kwa kuwa nimemtaja mimi;
ulimi wangu nao ni tangazo.
Muulize nani atasimama siku yenyewe, yeye au kijana.
Muulize atakata kiasi gani, na mkikosa je, nani alipe gharama.
Watafute waliosimamiwa naye wakashindwa,
hao ndio wenye habari.

Mimi mmoja wao. Nusu nusu.
Ukuta ulisogea shibiri mbili, nilidai nne.
Lakini aliniambia tangu siku ya kwanza,
kitabu magotini, risiti ya samaki ikiwa alama ya ukurasa:
"Hapa tuna nguvu. Hapa hatuna.
Pasipo nguvu usinilipe, Baba Ghalib, utanilipia matumaini."
Nilikasirika. Nilirudi nyumbani sijanunua hata mkate.
Kesho yake nikapanda zile ngazi tena, nikipapasa ukuta.

Na namba ya yule mwengine, ukiitaka bado,
usinipigie mimi.
Washa tivii, ngoja sabuni ipite.