Makabidhiano ya Makasha Matatu

Bwana Rwechungura wa Nyaraka ana kalamu yenye kamba,
ameifunga mezani isiibwe.
"Jina la marehemu?" Zabron Lushinge.
"Kazi?" Mwandishi. "Gazeti gani?"
Kinu, nasema. Kurasa nne, kila Jumamosi ya mshahara,
likichapwa kwa mkono chumbani tulimolala, Igogo,
mashine ikililia wino kama mtoto anayelilia uji.
Anapekua orodha yake. Halimo.
Anaandika: Mengineyo.

Haya, tuanze na mengineyo.

Kasha la kwanza ni vidole.
Baba alihesabu vidole vya wachambua pamba
kinu kwa kinu, msimu kwa msimu:
jina, umri, mkono upi, kidole kipi, fidia shilingi ngapi.
Safu ya fidia ina vistari vitupu,
vimelala kama dagaa juani.

La pili, barua.
Kuli wa bandari ya Kusini anauliza
kama ukomunisti unamruhusu mtu kusali.
Nakala ya jibu ipo, kaboni imefifia:
Sali, ndugu, ila usikose mkutano wa Alhamisi.
Ipo na barua ya mnyapara Bugwema,
aliyeandikwa mwizi, naye hakuwa mwizi.
Baba alimtaka radhi ukurasa wa nne, chini kabisa,
mistari miwili, herufi za kuchungulia.
Barua yenyewe aliitunza miaka thelathini na mmoja
ndani ya bahasha peke yake.
Hilo nalo liandike.

Haandiki. "Aliwahi kufungwa?"
Mara mbili. Wakoloni walimwita mchochezi, wakamfunga.
Sisi wenyewe tulimwita ndugu,
tukampa kiti, tukampa chai,
tukamfunga.
Daftari la mara ya pili hili hapa:
amepima ugali wa mahabusu kwa urefu wa njiti ya kiberiti,
siku mia na sita, bila kuruka Jumapili.
Kati ya kurasa wamebanwa inzi wa ziwani,
wakavu, wepesi kuliko nukta.
"Hawa niwatoe?"
Waache. Walikuwepo.

Kasha la tatu ni zito. Miswada.
Anagonga muhuri, anageuza, anagonga,
namba juu ya mwandiko wa baba ulioinama mbele
kama mtu anayekimbilia zamu.
Namshika mkono. Hebu geuza hii.

Nyuma, kwa penseli:
Mama Nchagwa madebe mawili, kalipa nusu.
Chumvi.
Rimu moja ya karatasi, deni la Z.
Wino kopo moja, deni la Z.
Mashine kushonwa mkanda, deni la Z.
Deni la Z, deni la Z, mpaka pembeni karatasi ilipoliwa na mchwa.

Mwandiko wa mama, Ng'walu, wa madarasa mawili,
aliyeshuka Mwaloni kabla jogoo hajakohoa
akarudi na magamba kwenye nyusi.
Baba aliwahi kuisifu harufu ile gazetini,
akaiita harufu ya tabaka linaloamka.
Mama hakusoma. Alikuwa anakuna samaki.
Katika mishahara yote iliyopiganiwa mjini humu
wa kwake haumo.
Nimetafuta. Wiki tatu nimetafuta
kwa taa, kwa miwani, kwa hasira,
nikitaka hata mstari mmoja, hata herufi za kuchungulia.

Sikuja kumshitaki. Nilimpenda hadi leo
harufu ya wino hunisimamisha dukani.

"Sasa," anasema Bwana Rwechungura,
na kwa mara ya kwanza sauti yake imelainika,
"upande wa mbele ni upi?
Fomu inataka mmoja."

Nje king'ora cha kiwanda cha sangara kinawatema wa zamu ya usiku,
mabuti meupe, vidole vimekunjamana kwa barafu.
Wanapita dirishani wakibishana kuhusu nauli,
na hakuna anayewahesabu.

Kalamu ina kamba fupi.
Haifiki upande wangu wa meza.
Nasogeza kiti.