Visima Vitatu

Pesa zinatosha visima vitatu.
Niliandika vitano, nikafuta. Vinne, nikafuta,
hadi karatasi ikatoboka kabla ya ardhi.

Ramani nimeilaza mezani:
kona moja kufuli, kona moja kikombe, ya tatu kiatu,
na kona ya nne chupa ya Kerubo,
maji ya kisima chake, maangavu,
hadi uifungue.
Hapo kituo cha petroli kinaingia jikoni.

Kerubo huuza shilingi tano mtungi.
Hakuniuliza kama yana sumu.
Aliniuliza, "Utasema ni mimi?"

Juu ya ardhi hii ya Viwandani najua kila kitu:
reli, ukuta wa kiwanda cha rangi,
Mto Ngong unavyojikunja nyuma ya mabati.
Chini, sijui.
Udongo mweusi mita mbili,
unaopasuka Februari, unaovua watu viatu Aprili;
kisha mwamba wenye nyufa,
na maji hupita ufani
bila kumwomba ruhusa mchora ramani.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema huenda wapi.
Na mafuta je, miaka kumi na mmoja
tone kwa tone kutoka tangi lililoliwa na kutu?

Vitatu, basi, ila visisimame mstari mmoja
kama watoto wa gwaride.
Pembetatu. Pima kina cha maji katika kila kimoja,
linganisha,
nayo ardhi itakuonyesha inakoinamia.

Cha kwanza, ubavuni mwa tangi. Hicho hakina ubishi.
Cha pili, kati ya tangi na Kerubo,
kwenye uwanja wa chekechea; mwalimu Ndinda amekubali
mradi tusing'oe bembea.

Cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi.
Nimekiweka ng'ambo ya reli, maji yanakotoka
kabla hayajalifikia tangi,
pahali ambapo hakuna aliyelalamika.
Mkutanoni walinizomea.
"Toboa kwangu! Mwanangu ndiye mwenye vipele!"
Hata Osewe, mwenye keekee, alitikisa kichwa:
"Mtu anaumwa tumbo, wewe wampima goti?"

Nilijibu vibaya. Nijibu tena, hapa, peke yangu:
tusipokuwa na maji yasiyoguswa,
mwenye tangi atasema ndivyo yalivyo,
maji ya Nairobi yalizaliwa yakinuka,
na wakili wake atafunga faili kabla ya chai ya saa nne.
Asiye na kidonda naye ni shahidi.

Lakini kama nako kunanuka?
Kama chupa ya kwanza kutoka ng'ambo ya reli
itafunguka na harufu hii hii?
Basi yuko mwingine, juu zaidi,
nje ya ukingo wa karatasi yangu.
Jibu hilo nimeliachia safu moja kwenye jedwali.
Sijaipa jina.

Saa nane usiku. Naandika masharti ya Osewe:
usijaze lori mafuta siku hiyo.
Glavu mpya kila kisima.
Anza na kilicho safi, malizia kichafu.
Mwaga kwanza maji yaliyolala bombani,
ungoje yanayokuja.

Nainua chupa niirudishe sandukuni.
Kona inajikunja yenyewe, polepole,
na kisima cha Kerubo
kinalala juu ya tangi.