Andika kwa Penseli

Lifti imekufa tangu majani yalipopukutika.
Napanda ghorofa nne, na kwenye kila kipinda cha ngazi
nakuta kigoda alichokiweka Bi Bogumiła
enzi akishuka mwenyewe kununua mkate.
Vigoda vitatu. Cha nne hakukihitaji:
mapafu yalimwambia abaki juu.

Jikoni pananukia bizari na matango ya chumvi.
Chai imo kwenye bilauri, inaunguza vidole.
Radosław ameegemea friji, koti hajavua.
Halszka anakata keki ambayo hakuna aliyeiomba.
Nimekuja na karatasi mbili na swali moja,
swali nililolitafuna tangu kituo cha tramu:
siku ukishindwa kujisemea,
tuseme nini kwa niaba yako?

"Usituchurie," anasema Radosław.
"Mama yu hai. Fanyeni kila kitu.
Andika hivyo: kila kitu."

Mama anageuka polepole,
mrija wa oksijeni ukimfuata kama mkia wa paka.
"Kila kitu ni nini, mwanangu? Kihesabu."

Naye anaanza, kwa vidole.
Mashine ya kupumulia. Mpira wa tumboni.
Umeme wa kifuani.
Kufika kidole cha nne sauti inamkwama,
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau.

"Miaka thelathini na moja nimesimama kiwandani,
hapa hapa Łódź, masikio yakaziba kwa ngurumo.
Uzi ukikatika, mashine haijui.
Inaendelea kupiga. Inafuma tundu.
Kazi yangu ilikuwa kupeleka mkono pale
na kuizima.
Hakuna aliyeniita muuaji."

Halszka anakata keki iliyokwisha kukatwa.
Chuoni nilifundishwa maneno mengi ya saa kama hii.
Kunyamaza sikufundishwa;
hilo nimelipata kwenye majiko ya watu.

Kisha anasema, nami naandika anavyosema.
Dawa ya kifua, sawa, kama nitarudi kula samaki wa siki.
Maumivu yaondoeni, hata yakiondoka na akili.
Mpira kooni, hapana.
Dirisha la uani liachwe wazi, hata theluji ikiingia.
Padri aje, ila yule mfupi;
yule mrefu anapenda kujisikia.
Na Iwo aambiwe kweli. Ana miaka tisa, si kiziwi.

"Na wewe," anamgeukia mwanawe, "unaogopa nini?"
Radosław anatazama viatu vyake,
maji ya theluji yamefanya ziwa dogo sakafuni.
"Simu," anasema. "Simu ya usiku wa manane.
Waniulize mimi. Niseme ndiyo, niseme hapana,
kisha niishi nalo."

"Basi karatasi hii si yangu, Radek. Ni yako.
Mimi siku hiyo nitakuwa nimelala."

Ndipo anapovua koti.

Natoa kalamu. Bi Bogumiła anaisukuma kando,
anapapasa droo, anatoa penseli butu
ya kuchorea vitambaa.
"Wino, Bi," nasema. "Penseli inafutika."
"Ndiyo maana. Leo nasema hivi.
Wiki ijayo huenda jua likatoka."

Namweleza kwamba hata wino tunaweza kuuchana
tukaanza upya, mara kumi akipenda,
maadamu anajua anachokisema.
Ananipima kwa macho kama anayekagua pindo.
Anakubali nusu: sahihi kwa wino,
mengine kwa penseli mpaka Alhamisi.
Kisanduku cha maji ya dripu tunakiacha kitupu.
"Hilo bado," anasema, na halazimishwi.

Radosław anaibana karatasi kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la jordgubbar,
juu ya bili ya gesi.

Nashuka. Kwenye kigoda cha pili naketi kidogo,
si kwa uchovu.
Juu mlango haujafungwa; nawasikia
wakibishana, na mmoja wao anacheka,
ni padri yupi hasa aliye mfupi.