Kipande cha Saba

Kifua cha Mlekwa, fundi baiskeli,
hakipiti kwenye mtandao wa Sikonge kikiwa kizima.
Nimeikata picha vipande saba,
na kwa kila kipande naipigia seva hodi:
nipe kiungo, kitie saini.

Kinakuja kirefu, herufi na tarakimu
zimeshikana kama siafu,
uhai wake dakika kumi na tano.

Cha saba, umeme ukakatika.
Uliporudi, saini ilikwisha chacha.
Sikubishana, niliomba nyingine;
vile sita vilikwisha fika, havikunidai kitu.

Mlekwa anakohoa kwenye benchi.
"Bado mnanikata?"
Kimebaki kimoja, namwambia,
kisha Tabora mjini watakuunga.

"Kama mnyororo," akasema,
akaifuta suruali mikono
isiyo na grisi tangu Jumatatu.