Ngumi Ilikuwa Sangara

Kabla hajawa na kifua cha kung'aa
Bwana Koroboi alikuwa sauti ya Sospeter Makoye,
karani wa pamba, mfupi,
aliyepanda juu ya kreti la soda
ili mdomo uifikie maikrofoni.

Na mimi, Nyanjige, nilikuwa kila kitu kingine.

Joho lake lilikuwa turubai nililolikung'uta.
Pikipiki yake ilikuwa koo langu, mate yakiruka.
Mvua: mchele kwenye ungo.
Ziwa: beseni la plastiki, la bluu, lenye ufa,
viganja viwili kwa mawimbi ya asubuhi,
viwiko kwa dhoruba.
Ngumi ilikuwa sangara.
Sangara mbichi wa kilo nne, wa mwaloni Kirumba,
namshika mkia, nambamiza mezani, paa!
na huko Igoma, huko Nansio, Sengerema,
jambazi anaanguka.

Kipindi kikiisha tuliipika ngumi
tukaila kwa ugali wa muhogo,
sisi watano, katika chumba kilichozibwa kwa magodoro,
maana mshahara ulikuwa "mwezi ujao".

Hakuna aliyeijua sura yake. Ndiyo ilikuwa nguvu yake.
Alipuliza koroboi, fuu,
wabaya wasione hata vidole vyao,
yeye akaona.
Watoto walibishana juu ya majabali:
ana ndevu, hana, ana kovu.
Kila mmoja alimpa uso wa mjomba wake.

Sasa ana uso mmoja.
Wa kijana mzuri, sina neno.
Umebandikwa karibu na mzunguko wa samaki,
korongo wanaunyea bila ubaguzi.

Nililipa kiingilio kama watu wote.
Akaruka kutoka jabali hadi jabali,
Bugando ikatetemeka, vioo vikamwagika,
nikacheka, kweli, nilifurahi,
mpaka ikaja meli.

Mwaka ule wa meli, ile ya kweli,
tulinyamaza wiki mbili.
Halafu ikaja barua, penseli kwenye karatasi ya hesabu,
kutoka Kemondo:
*Koroboi, usiku ule ulikuwa wapi?*
Makoye aliisoma akiwa juu ya kreti.
Taa nyekundu ikawaka. Tulikuwa hewani.
Akasema, "Mimi ni Koroboi,"
kisha akapuliza, fuu,
na hakusema tena.
Fundi Bugumba mkono kwenye kitufe, hakukigusa.
Mimi sikuligusa beseni.
Dakika nzima mkoa ulisikiliza giza.

Kwenye filamu anainyanyua.
Anaingia majini, anaibeba begani kama gunia la dagaa,
maji yanachuruzika ubavuni,
abiria wanapunga leso.
Ukumbi mzima makofi, bisi zinaruka.
Na chini ya vinanda nikasikia
beseni langu.
Ufa wake. Ule mlio wa *krii* kila nilipoegemea ukingo.
Kanda zetu walizinunua kwa gunia,
Makoye akiwa ameshazikwa Magu.

Jirani yangu, mwanamume wa rika langu,
kofia magotini, hakupiga makofi.
Alitoa leso, akaikunja mara nne,
akairudisha mfukoni.
Hatukusalimiana.

Mwisho majina yalipanda, marefu,
hata la aliyechemsha chai.
Langu halikuwemo.
La sangara pia halikuwemo, nikajipoza.

Nikapitia mwaloni.
"Kilo nne, mzima," nikasema.
Muuzaji akacheka: "Mama, minofu imeshapanda ndege.
Chukua mapanki."
Nikachukua mawili.

Nyumbani, kabla sijawasha moto,
nilishika panki moja mkiani
nikalibamiza mezani, kwa nguvu zote za zamani.
Lilitoa mlio mkavu, mwepesi,
kama mtu anayebisha hodi.

"Nani?"
akauliza mjukuu wangu kutoka ndani.