Ukurasa wa Nane

Alikuja saa nne, feni ikilalamika,
kijana wa wizarani, kiatu kipya,
akasema: Bi Somoe, nitafutie mwaka.
Mwaka gani, baba?
Wowote. Ila wawe wametukosea.

Kazi yangu naijua. Miaka thelathini na moja hapa Upanga
nimegombana na mchwa juu ya karatasi,
nimefunga kamba, nimefungua kamba,
nimepiga chafya za masultani na za makarani wao.
Nikamshushia jalada la mpaka, la buluu, limeliwa pembeni.

Alisoma amesimama. Kwenye ukurasa wa saba akatabasamu:
waliovuka usiku, ghala lililochomwa,
ng'ombe mia mbili na kumi na wawili.
Huu, alisema, akauchomoa. Huu unatosha.
Nikamwambia, kuna wa nane.
Wa nane una ng'ombe waliorudishwa, pungufu tisa,
una vidole gumba vya pande mbili, wino wa zambarau,
na mwandiko wa karani, mdogo kama sisimizi:
sisi ndio tuliotangulia kuvuka,
mwaka wa njaa, tukafuata mtama wao.
Akatazama saa. Hotuba ni leo usiku, Bibi,
na wa nane ni mrefu.

Usiku nilikuwa Kariakoo, kwa muuza betri.
Redio tano, sauti moja: Historia inatuita.
Nikapiga chafya. Vumbi lilikuwa langu.
Ng'ombe walishafika elfu mbili.
Muuza betri akagonga meza: Wametuonea mno hawa!
Juzi hakuwajua hata kwa jina.
Na pale tuliposimama, mtaa wenyewe
umeitwa kwa wapagazi wa vita vya wenyewe wazungu,
nao waliambiwa kuna sababu.
Daftari lao nimewahi kulishika.
Namba, ratili. Namba, ratili.
Hilo hakuna aliyeliomba.

Fomu ya kuazima ninayo mezani.
Mwazimaji: ameandika Wizara.
Sababu: ameandika Taifa.
Tarehe ya kurudisha: ameruka.

Wa nane nimeutia mkobani,
kati ya kitenge na vidonge vya presha.
Ni kosa, najua, na mimi ndiye niliyebandika tangazo la kukataza.
Lakini kesho Stambuli, mpwa wangu, anapewa buti,
na tangu mdogo ana tabia hiyo,
ukimpa karatasi
lazima aigeuze aone nyuma kuna nini.