Perere, Nani Kakuona

Sekunde thelathini na mbili tu.
Pasua, chumba cha nyuma cha fundi redio,
magodoro manne yameegemezwa ukutani
kuzuia mashine ya kusaga ya jirani.
Haikuzuilika. Isikilize ile kanda ya kwanza:
baada ya neno "kofia", unga bado unasagwa.

Aikaeli Mlay alipiga kinanda kwa vidole tisa,
cha kumi alikiachia msumeno wa Rongai.
Aliyeimba ni dada yangu Aikande,
miaka minane, mafua ya Julai,
ile baridi inayoshuka mlimani bila hodi.
"Mrudisheni wiki ijayo," fundi alisema.
Wiki ijayo hapakuwa na hela ya kanda.
Basi akaimbia puani:
Perere, Perere, nani kakuona?
Malipo: raba nyeupe. Zilimbana.

Katuni yenyewe ilikufa mapema.
Perere mwizi wa kofia, picha zinatetemeka,
vipindi kumi na vitatu,
kisha wakarekodi mpira juu yake.
Muulize yeyote leo kofia ilikuwa ya nani.
Hajui. Wimbo anaujua.
Ndivyo alivyo perere hata kule msituni:
anapiga kelele usiku kucha, na humwoni.

Tarumbeta za Majengo ziliuchukua kwanza,
zikaupunguza mwendo uendane na ndafu
anayeingia ukumbini amesimama, majani mdomoni,
mashangazi wakimchezea kama bwana harusi wa pili.
Watoto wa Njoro wakamgeuza Perere kuwa Mwalimu Mkuu.
Wakachapwa darasa zima.
Wakaendelea kimoyomoyo, midomo imefungwa,
vichwa vikitikisika.
Kwaya moja ya Rau ilitoa kofia, ikaweka taji.
Muuza aiskrimu akaufunga kwenye baiskeli;
betri ikichoka, Perere huzama
kama mtu anayeongea kutoka kisimani.
Halafu yule kijana wa Arusha na ngoma zake za kompyuta:
alitaja jina lake mara kumi na moja,
la Mlay hata mara moja.

Na wote, nakuambia, wote, hata tarumbeta,
wameyatunza yale mafua.

Juzi, sokoni Kiboriloni. Aikande anauza mapazia.
Anapima kitambaa, anaimba chini chini,
mtu mzima, pua iko wazi.
Mteja, mtoto mgongoni, anacheka:
"Dada, siyo hivyo. Hapo kwenye 'kakuona'
unapandisha puani. Hivi."

Nilifungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu.
"Nifundishe," akasema.

Akafundishwa. Akakosea mara mbili.
Mita tatu; akakata,
akaongeza robo bila kuombwa.